Mungu si Mteja

Zipu ya mwenyekiti wa kwaya ilikwama katikati ya mgongo siku ya Alhamisi, Krismasi ikiwa Jumanne. Ilikataa kupanda, ikakataa na kushuka.

"Vuta, dada," alisema mwenyekiti nyuma ya pazia.

"Navuta," alijibu mke wa fundi. "Hebu toa pumzi."

"Nimeshaitoa yote. Nikitoa nyingine mtanizika na gauni hili."

Upande wa pili wa pazia, katika chumba hicho hicho kilichokuwa duka mchana na sebule jioni, fundi alisimama karibu na cherehani yake akijifanya anatafuta kifungo. Wanakwaya wengine kumi na wanne walikuwa wamejazana kwenye benchi, mlangoni na barazani, kila mmoja na gauni lake jipya mkononi, rangi ya damu ya mzee, wakingoja zamu ya kujaribu.

"Shemeji," aliita mmoja, "mbona huko ndani kimya?"

"Mlipimwa mwezi wa kumi, leo ndiyo mnajaribu," alisema fundi kwa mzaha. "Mmekula, mmelala, mmenenepa. Kitambaa hakina habari."

Wakacheka, wengine wakijishika kiuno. Ndipo Fimbo akaingia nyuma ya pazia. Jina hilo alipewa na kwaya nzima, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Alikuwa amezaa watoto wanne bila kuongezeka hata kidogo. Alitoka ameshika gauni kwa nyuma kwa mikono yote miwili, maana halikufunga.

"Na mimi nimenenepa?" aliuliza.

Kicheko kikaisha. Mwenyekiti naye akatoka, amevaa sweta juu ya gauni lililokwama. Alikuwa mwuguzi, mama wa mwili na sauti, aliyezoea kuwaambia watu wazima watulie wachomwe sindano.

"Nani alipima?" aliuliza.

Fundi alikuwa ameshajua. Alijua tangu aliposikia zipu ikikwama, kama mpishi anavyojua kwa harufu kwamba chungu kinaungua.

Futi ya kupimia ya duka lile ilikatika inchi mbili za mwanzo miaka mingi nyuma, na kwa kuwa iliyobaki ilikuwa nzima, hakuna aliyeona sababu ya kuitupa. Kiuno kikisoma thelathini na nne, chenyewe ni thelathini na mbili. Fundi aliandika namba kama ilivyosoma, akaja kutoa mbili wakati wa kukata. Lakini wanawake wa kwaya walipimwa na mkewe, kule ukumbini baada ya mazoezi, na yeye alitoa mbili palepale. Alijua kuwa mwanamke akiona kiuno chake kimeandikwa na inchi mbili za bure, hapo pana ugomvi. Alipoleta daftari alisema, "Nimeshatoa mbili." Cherehani ilikuwa inanguruma. Fundi akajibu, "Sawa." Siku ya kukata, mkono wake ukatoa mbili tena, kama ulivyozoea, magauni kumi na sita mfululizo. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kidogo, cha kubanabana, hakuacha akiba ndani ya mishono. Hapakuwa na cha kuachia.

Mwenyekiti alikuwa pia katika kamati ya shule ya kanisa. Mwezi wa kwanza kamati ingechagua nani ashone sare za wanafunzi mia mbili. Fundi alimtazama, akawaza sare zile, akafungua mdomo.

"Aliyepima ni mke wangu," alisema. "Mimi nilikata kilichoandikwa."

Nusu ya kwanza ilikuwa kweli, nayo ndiyo iliyobeba uongo wa nusu ya pili.

Mkewe alikuwa ameshika pazia. Wanawake walimgeukia, na alikuwa anaona jinsi kila mmoja anavyojitahidi asimtazame vibaya, jambo ambalo ni baya kuliko kutazamwa vibaya.

"Tulichanga tangu mwezi wa tatu," alisema Fimbo taratibu. "Mimi nilisuka watu nywele kila Jumamosi kwa ajili ya kitambaa hiki. Dada, hukuona namba?"

"Niliziona," alijibu mke wa fundi, akaingia chumba cha ndani.

*

Walipoondoka wote, magauni yakibaki kwenye benchi na mwenyekiti akiwa bado ndani ya lake kama mfungwa, mke wa fundi alirudi na daftari. Akalifungua juu ya meza ya kukatia. Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, alikuwa ameandika mwenyewe mwezi wa kumi: IMESHATOLEWA MBILI.

"Soma," alisema.

"Nimeona, mke wangu."

"Soma kwa sauti. Mdomo si unao? Ulikuwa nao saa ile."

Fundi akakaa. "Nitawaambia."

"Lini?"

"Krismasi ikipita. Na kamati ikishakaa. Sikiliza, wewe watakusamehe. Wewe si fundi. Mimi nikisemwa kwamba sijui kutoa mbili, nani ataniletea suruali? Tutakula cherehani?"

"Kwa hiyo jina langu ni kile kitambaa unachofutia mafuta ya mashine."

"Sikusema hivyo."

"Umesema vizuri kuliko hivyo." Alifunga daftari. "Miaka kumi na miwili nasimamia sauti ya pili. Hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea, hata nikiwa na mafua. Leo nimewavua watu nguo mbele ya wenzao. Siendi mazoezi kesho kutwa, na Krismasi siimbi."

"Usifanye hasira."

"Hii si hasira. Nitasimama wapi? Katikati ya watu niliowaharibia?"

Fundi alitafuta la kusema, akaona uzi sakafuni, akauokota. Ilikuwa tabia yake. Akikosa neno, aliokota nyuzi.

*

Nyumba ile ilianza kila siku kwa sala. Baba anaomba, mama na binti yao wa darasa la sita wanaitikia, halafu mlango wa duka unafunguliwa. Ijumaa asubuhi walisimama kama kawaida, binti amefumba jicho moja.

Fundi aliomba kwa kirefu. Alishukuru kwa uhai, kwa paa, kwa wateja. Aliombea wagonjwa, wasafiri na viongozi. Akafika kwenye jambo lenyewe. "Na jaribu hili lililotupata, Bwana, jaribu la haya magauni, wewe unajua lilivyoingia. Uwape wanakwaya moyo wa uvumilivu. Utuondolee aibu hii, sisi sote nyumba hii. Amina."

"Amina," alisema binti.

Binti akafumbua jicho la pili.

"Baba, mama hajasema amina."

"Nimesikia."

"Sasa sala imeisha au haijaisha?"

"Nenda kafungue duka," alisema fundi. Binti alipotoka, akamgeukia mkewe. "Hata sala sasa unanigomea?"

Mkewe alikuwa anakunja shuka. "Jaribu limetupata," alisema. "Kama mvua vile. Lilipita njiani likaona mlango uko wazi."

"Nilisema Mungu anajua lilivyoingia."

"Anajua. Ndiyo maana sikuitikia. Wateja umezoea kuwaambia 'njoo kesho, imebaki vifungo tu,' na kitambaa hata mkasi hakijaona. Wanakubali, wanarudi, unawaambia tena kesho. Mungu si mteja, baba. Hawezi kuambiwa imebaki vifungo tu."

Fundi alikwenda dukani bila kunywa chai.

*

Saa nne alifika katekista kuchukua suruali yake. Alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, ambaye alinunua suruali kwa bei nafuu na kuzipunguza kwa bei ghali, kama alivyosema mwenyewe.

"Iko tayari?" aliuliza. "Au imebaki vifungo?"

Fundi alishtuka, akadhani mkewe amesema. Lakini katekista alikuwa anacheka tu. Mji mzima ulijua msemo ule. Fundi akampa suruali. Mzee akaigeuza, akakagua pindo kwa kidole.

"Safi. Nitaivaa keshokutwa nikihubiri. Nimepewa habari za Yusufu. Fundi mwenzako."

"Yule wa mbao."

"Mbao, kitambaa, yote ni kupima na kukata. Mimi huwa namwonea huruma, unajua. Watu wanamkumbuka Krismasi tu, tena pembeni, ameshika taa. Lakini tazama. Ameambiwa mchumba wake ana mimba, na yeye anajua si yake. Hakuna malaika bado. Mtu wa kawaida angesimama sokoni aseme, 'Mimi simo.' Na angekuwa anasema kweli! Lakini hakutaka kumtia aibu. Aliona heri abaki nayo mwenyewe." Katekista alikunja suruali chini ya kwapa. "Huyo hakuwa na kosa, na bado alikubali kunyamaza ili mwanamke asiaibike. Sisi wenye makosa je? Nitawauliza hivyo. Unaonaje, itawaingia?"

"Itawaingia," alisema fundi.

"Mbona umekunja uso? Nimekosea bei?"

"Hapana, mzee. Nenda salama."

Katekista alikwenda zake akiimba, hajui kwamba mahubiri yake yalikuwa yamekwisha kufika siku mbili kabla ya Jumapili. Fundi alikaa mbele ya cherehani akakanyaga mara mbili bila kitambaa. Akaona kwamba alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, watu kujua, na kwamba Mungu, mkewe na binti walikuwa wameshajua. Waliobaki walikuwa wanawake kumi na watano.

*

Jumamosi mchana alifunga duka na kwenda ukumbini peke yake. Mkewe alimwona akitoka na furushi la magauni. Hakumwuliza anakwenda wapi.

Ukumbini mazoezi yalikuwa yanakwenda vibaya. Sauti ya pili ilikuwa inayumba kama meza yenye mguu mfupi, na mwenyekiti alikuwa amepiga meza mara tatu. Fundi aliposimama mlangoni wote walinyamaza.

"Umeleta nini?" aliuliza mwenyekiti. "Umepata kitambaa?"

"Duka mlikonunua kitambaa hawana tena. Nimekwenda, nimeuliza." Aliweka furushi juu ya kiti. Mikono ikabaki haina kazi, na sakafuni hapakuwa na uzi hata mmoja. "Mashemeji zangu, nimekuja kusema kwamba kulitokea hitilafu kidogo katika vipimo."

"Hitilafu tumeiona," alisema Fimbo. "Tulikuwa ndani yake."

"Namba zilitolewa mbili mara mbili."

"Zilitolewa na nani?"

"Zilitolewa mara ya kwanza na mke wangu, na ndivyo ilivyotakiwa."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili zilitolewa..."

"Zilijitoa?" aliuliza mwenyekiti.

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Fundi aliona sare mia mbili zikipita mbele ya macho yake, mashati meupe, kaptura, sketi, zote zikienda kwa fundi mwingine.

"Nilitoa mimi," alisema. "Mke wangu alipima sawasawa. Aliniambia kwa mdomo, akaniandikia na kwenye daftari kwa herufi kubwa. Mimi sikusikiliza. Mlipouliza nani alipima, nilijua kosa ni langu, nikawapa yeye. Nilimtupia. Sababu niliogopa kukosa sare za shule. Basi."

Mwenyekiti alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekwenda kwanza kwa mganga.

"Sare za shule tutazungumza mwezi wa kwanza," alisema, "na sikuahidi chochote. Leo nataka kujua kitu kimoja. Nitavaa nini Jumanne?"

Hilo fundi aliliweza. Akafungua furushi, akatandaza gauni, na sauti yake ikarudi. "Urefu una pindo, nitaushusha. Mabega ni salama, mabega huwa nakisia kwa jicho. Shida ni ubavuni. Nikipata utepe wa kitambaa, kutoka kwapani mpaka chini, huku na huku, gauni linafunga. Lakini uwe wa aina moja kwa wote kumi na sita. Nimezunguka mji, sikupata."

Wakatazamana. Fimbo akasema, "Zile sare za zamani?"

"Zile nyeupe?"

"Si tunazo wote? Zimepauka, lakini zimepauka pamoja."

"Ya kwangu nilitaka kuzikwa nayo," alisema mama mmoja.

"Utazikwa na hii mpya," alisema mwenyekiti. "Itakuwa na nafasi."

*

Mke wa fundi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo aliposikia miguu mingi barazani. Alidhani wamekuja kugomba. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akasimama wima. Wakaingia kumi na watano, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele, kila mmoja na sare nyeupe ya zamani, maana walipitia kwanza majumbani. Fundi alibaki nje.

"Dada," alianza mwenyekiti, "tumekuja kukuomba radhi. Tulikusema."

"Mlinisemaje?"

"Tulikusema vizuri sana. Usitake kujua."

"Mumeo ametueleza," alisema Fimbo. "Amesimama mbele ya watu wote. Mwanzo alikuwa anasema 'hitilafu,' 'zilitolewa,' tukambana mpaka akafika kwenye 'mimi.' Akasema ulimwambia, ukamwandikia, na kwamba alikutupia."

"Alisema hivyo? Kwamba alinitupia?"

"Neno hilo hilo."

Mke wa fundi alitazama mlangoni. Mumewe alikuwa anaokota nyuzi barazani, mahali ambapo hapakuwa na nyuzi. Alimwacha aokote kidogo.

"Njoo ndani," alisema mwishoni. "Utaniletea meza ya kukatia uani, humu hatutoshi."

Mwenyekiti alikuwa amekuja na futi mpya ya hospitali. Mke wa fundi akawapima wote upya, mmoja baada ya mmoja, mwisho akajipima mwenyewe, akisema namba kwa sauti, na kila aliposema, fundi alitakiwa kuirudia kwa sauti kabla ya kuiandika, wote wakimsikiliza. Alirudia kumi na sita bila kukosea. Binti yao alimpigia makofi.

Swali lilikuwa Jumapili. Kazi ilikuwa haiwezi kwisha kwa siku moja, na wengine walisita kushika sindano siku ya Bwana. Wakamwuliza katekista baada ya ibada, akiwa ndani ya suruali yake iliyopunguzwa.

"Bwana aliwauliza, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya sabato, hamtamtoa?" alisema mzee. "Sasa, ng'ombe kumi na sita!"

"Mzee," alisema mwenyekiti, "sisi ndio ng'ombe?"

"Nimesema kwa mfano, mama."

"Mfano una uzito gani?"

Mzee akakimbilia ofisini.

Basi wakashona. Wanawake walikaa uani juu ya mikeka na ndoo zilizopinduliwa, wakifumua sare za zamani kwa nyembe na kunyoosha vitambaa kwa pasi. Fundi alikata na kushona, cherehani haipumziki. Sauti ya kwanza ilianzisha wimbo huko karibu na kamba ya nguo, na mke wa fundi, mdomoni ameshika pini mbili, akaitikia ya pili bila kufungua meno. Jumatatu asubuhi nyumba iliposimama kwa sala, fundi alisema, "Bwana, nilikosea, nisaidie nimalize," na mkewe akasema "Amina" haraka, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi.

Kufika alasiri, magauni kumi na matano yalikuwa yamechukuliwa. Utepe mweupe ubavuni uliwafanya waonekane warefu. Mwenyekiti alifunga zipu yake, akaifungua, akaifunga tena, akaondoka bila kusifu chochote. Fundi alijua kwamba kwake hiyo ni sifa.

*

La kumi na sita lilibaki kwenye msumari.

Waligundua Krismasi asubuhi, mkewe alipotoka kuoga akanyoosha mkono kulichukua. Lilikuwa jembamba kama lilivyozaliwa, halina utepe wowote.

"Langu," alisema.

Fundi alikuwa anafunga tai. Akaifungua. "Ibada saa ngapi?"

"Saa tatu. Sasa ni mbili na nusu."

"Leta ile nyeupe yako."

Fundi alichukua mkasi. Alikata, akashikiza kwa nyuzi ndefu za mkono, akapitisha mashine upande wa kushoto, akapitisha upande wa kulia, huku mkewe amesimama kando, amejifunga shuka, anampa uzi, mkasi, uzi. Binti alitumwa mbele akawaambie wanakwaya mama anakuja.

"Nitasimama nyuma tu," alisema mkewe. "Nikichelewa wataanza bila mimi."

"Utasimama mahali pako."

Aliingiza gauni kichwani. Likashuka, likakaa. Zipu ilipanda mara moja, bila kusikika. Lakini zile nyuzi za kushikizia, nyeupe, ndefu, zilikuwa bado zimeshika huku na huku kama mistari ya mtoto anayejifunza kuandika, na saa ilikuwa imeshafika.

"Twende, nitazitoa njiani," alisema fundi.

Wakatoka mbio. Mkewe mbele, viatu mkononi ili awahi, na fundi nyuma yake, ameinama, anavuta uzi mmoja, anautupa, anavuta mwingine. Ubavu wa kulia uliisha kwenye kona ya duka la mkate. Kijana aliyekuwa anafagia alisimama na ufagio.

"Fundi! Mkeo unamfumua barabarani?"

"Namalizia!" alijibu fundi, wala hakuinua kichwa.

Walipofika mlangoni mwa kanisa kwaya ilikuwa imeshaanza. Sauti ya kwanza ilipanda peke yake, nzuri, lakini chini yake palikuwa na tundu, na kila mtu mle ndani alilisikia hata kama hakujua ni nini. Mke wa fundi alisimama avae viatu. Alivaa kimoja, na kabla hajavaa cha pili akaanza kuimba. Palepale kwenye vidato vya ngazi, nje ya mlango, sauti ya pili, mahali pake hasa. Ndani vichwa viligeuka. Mwenyekiti, bila kuacha kuimba, alisogea hatua moja kushoto, na nafasi ya mtu mmoja ikabaki katikati ya mstari.

"Bado mmoja," alinong'ona fundi. "Kwapani."

Mkewe aliinua mkono juu, akiimba. Fundi akaupata uzi, akauvuta taratibu usirarue, akauona ukitoka wote.

"Haya, nenda," alisema.

Alikuwa ameshakwenda.